Tabia ya Kiongozi na Safari ya Habari Mbaya Serikalini

Mwananchi anayehitaji barua ya utambulisho, iwe ya kufungulia akaunti benki au ya kumdhamini ndugu yake aliyewekwa mahabusu, huanzia ofisi ya serikali ya mtaa. Barua yenyewe ni nusu ukurasa, haichukui dakika kumi kuiandika, na kinachoipa nguvu ni muhuri wa mpira unaogongwa juu ya sahihi. Lakini yeyote aliyewahi kuifuata barua hiyo anaijua pia ile siku ambayo ofisi iko wazi, karani yupo, kidau cha wino kipo mezani, ila muhuri haupo, kwa sababu mtendaji ameondoka nao mkobani na hakuna anayejua atarudi saa ngapi. Mama aliyefunga genge lake asubuhi ili aiwahi barua hukaa kwenye benchi hadi adhuhuri, kisha huambiwa apite kesho.

Siku hiyo hakuna fedha iliyoibwa, wala hakuna hesabu ambayo mkaguzi ataikuta na dosari. Hata hivyo, kwa yule mama, serikali haikuwepo. Kati ya kile ambacho sheria inaagiza na kile ambacho mwananchi anakipata mkononi kuna nafasi ambayo kanuni haziwezi kuijaza yote, kwa kuwa haiwezekani kuandika kanuni ya kila saa na kila mlango. Nafasi hiyo hujazwa na tabia ya aliyepewa dhamana. Sisi ambao kazi yetu ni kuwanoa viongozi wa umma tunapozungumzia tabia, hatuzungumzii jambo la faragha linalomhusu mtu na familia yake. Tunazungumzia kitendea kazi cha serikali, kama ulivyo muhuri wenyewe.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalikubali hilo bila kuzunguka. Ibara ya 132 inaanzisha Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma na kuipa mamlaka ya kuchunguza tabia na mwenendo wa kiongozi yeyote wa umma. Wengi wetu tumezoea kuisoma ibara hiyo kana kwamba inahusu mali peke yake, kwa kuwa habari za Sekretarieti zinazosikika zaidi ni zile za fomu za kutangaza mali kila mwisho wa mwaka. Maneno ya ibara ni mapana kuliko hapo.

Upana huo una historia. Kabla hata ya kuwapo sheria ya maadili, mwanachama wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, aliahidi kwa kinywa chake kwamba cheo ni dhamana na kwamba hatakitumia cheo chake wala cha mtu mwingine kwa faida yake. Mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana jijini Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Julius Nyerere aliwarudisha makwao, lakini hapohapo akautazama pia upande wa viongozi na kutangaza kwamba anaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, likaweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, wala asiwe na nyumba za kupangisha.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwenda mbali zaidi, na kwa maoni yangu hapo ndipo palipo na somo ambalo limesahaulika mno. Ulimkataza kiongozi majivuno, makuu, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi wa viwandani waliyachukua maneno hayo kwa uzito wake, na katika miaka michache iliyofuata palitokea mahali pengi ambapo walisimamisha kazi kwa kulalamikia mameneja waliokuwa wakiwatukana na kuwadharau. Serikali yenyewe haikufurahishwa na migomo hiyo. Lakini wafanyakazi wale walikuwa wamegundua jambo la kweli, kwamba dharau ya mkubwa huharibu kazi, na kwamba mtu anayetukanwa kila asubuhi hafikirii tena namna ya kuiponya mashine, bali namna ya kuikwepa lawama.

Mwaka 1991 masharti ya Azimio la Arusha yalilegezwa katika kikao cha chama tawala, CCM, kilichofanyika Zanzibar, na kiongozi akaruhusiwa kumiliki yale aliyokuwa amekatazwa. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13, inayomtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake ndani ya siku 30 tangu aliposhika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka madarakani. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yanavyoonekana juujuu. Utaratibu wa kwanza ulikataza mali yenyewe, na nyumba ya kupangisha huonekana na majirani wote. Utaratibu wa pili unamruhusu kiongozi kuwa na mali ila unamtaka aseme kweli kuihusu, na tamko lile analijaza mwenyewe, akiwa peke yake mezani. Kwa hiyo sheria ya sasa inaitegemea tabia ya kiongozi zaidi ya masharti ya zamani, si pungufu, na wanaodhani kwamba tulipoandika sheria tuliachana na suala la tabia wanakosea.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba na kutoa ripoti yake mwaka 1996 iligusa mzizi huohuo. Iliitenganisha rushwa ndogo ya watumishi wa chini, ambayo kwa kiasi fulani inachochewa na kipato kisichotosha, na rushwa kubwa ya wenye madaraka ambao hawana dhiki yoyote bali wana uroho. Ya kwanza unaweza kuipunguza kwa kuboresha mishahara. Ya pili haina kiwango cha mshahara kitakachoitosheleza.

Hata hivyo, ningependa tusiishie kwenye wizi, kwa sababu kiongozi asiyeiba anaweza pia kuifanya serikali isifanye kazi. Serikali huendeshwa kwa taarifa. Daraja limekatika, dawa zimekwisha, mradi umechelewa, walimu wawili hawajafika kituoni: kila moja ya habari hizi inaanzia chini kabisa, na ni lazima ipande ngazi kadhaa hadi imfikie mwenye uwezo wa kuamua. Katika kila ngazi yupo mtu anayejiuliza kimoyomoyo, nikilisema hili nitapata nini? Jibu lake halitokani na waraka wowote. Linatokana na alivyomwona mkubwa wake alivyompokea mtu wa mwisho aliyepeleka habari mbaya. Kama mtu huyo alifokewa mbele ya wenzake, basi taarifa inayofuata itaandikwa kwamba utekelezaji unaendelea vizuri. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na serikali inayofichana maradhi huumbuka vivyo hivyo, isipokuwa wanaoumia kwanza ni wananchi walioko mbali na ofisi.

Tunao mfano wetu wenyewe, nao una uchungu kwa sababu aliyekuwa juu hakuwa mtu wa kujinufaisha. Mwezi Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja. Sera ilikuwa imesisitiza kwa miaka kadhaa kwamba ujamaa hauletwi kwa nguvu. Lakini tarehe ilipowekwa, viongozi wa mikoa na wilaya wakaanza kushindana kwa idadi ya waliohamishwa. Mahali pengine nyumba zilichomwa au kubomolewa ili wenyewe wasirudi, na watu wakashushwa penye ardhi isiyofaa kwa kilimo, huku idadi za juu za watu waliohamia zikipanda ngazi kwenda makao makuu. Uadilifu wa Mwalimu katika mali haukutosha kuizuia hali hiyo, maana tabia iliyohitajika pale ni ya wale walio katikati, ambao wangekuwa na ujasiri wa kuandika kwamba kwetu hapa hili haliwezekani kwa muda huu. Jambo la kuheshimu ni kwamba mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu alikiri kwa maandishi, mbele ya taifa zima, kwamba Tanzania haikuwa ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea. Ni wachache walioko madarakani wanaoweza kuandika hivyo kuhusu kazi ya mikono yao.

Mwaka huohuo wa 1977, mwezi Januari, alijiuzulu Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa katika msako wa kukomesha mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi waliteswa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Mzee Mwinyi hakuwa amempiga mtu yeyote. Angeweza kusema kwamba Dar es Salaam ni mbali na Shinyanga, na angesema kweli. Badala yake aliondoka, kwa kuwa wizara iliyofanya vile ilikuwa yake. Baadaye alitumwa kuwa balozi nchini Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mimi hupenda kuwauliza viongozi ninaowafundisha wafikirie ofisa wa polisi wa wilaya aliyeisikia habari ile redioni Januari ile: alijifunza nini kuhusu mahali ambapo lawama husimama? Kwa kawaida lawama huteremka hadi impate mdogo asiye na wa kumsemea. Safari ile ilipanda.

Hapa lazima nionye kuhusu kosa ambalo limeenea sana, la kudhani kwamba ukali ndio uadilifu. Kiongozi anayefika ghafla, akafoka, akamsimamisha mtu kazi kwa taarifa aliyoisikia dakika hiyohiyo, hushangiliwa na umati, na pengine hasira yake ni ya haki. Lakini baada ya msafara wake kuondoka, watumishi waliobaki huwa wamejifunza kupaka rangi majengo kabla ya ziara. Uadilifu hupimwa baadaye, pale mtumishi mnyonge anapogonga mlango na kusema, mheshimiwa, hesabu hizi hazikai sawa, naye akaambiwa kaa hapa tuziangalie pamoja.

Nimeliona hilo kwa karibu katika kijiji kimoja ambacho nilikwenda kwa ajili ya mafunzo ya halmashauri ya kijiji. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, ukutane angalau kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Siku ile watu walijua kwamba ujenzi wa darasa umesimama, na minong'ono ilikuwa imekwisha kumtaja mwizi. Mwenyekiti hakuanza na taarifa iliyoandikwa. Aliwaomba vijana wawili waingie stoo, nao wakatoka wamebeba mfuko wa saruji, wakauweka juu ya meza, na meza ikatikisika kama imewekewa jiwe. Saruji yote ndani ilikuwa imeganda. Akasema, "Ndugu zangu, ipo mingine kumi na tatu kama huu. Paa lilivuja masika, na ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi, sikwenda kuangalia."

Pakawa kimya, kisha kelele nyingi, na mzee mmoja akamsema kwa maneno makali ambayo mwenyekiti aliyapokea akiwa amesimama. Lakini kufikia alasiri mkutano ulikuwa umekubaliana kwamba saruji ipangwe juu ya mbao na si chini, ufunguo wa pili akae nao mjumbe wa kamati ya ujenzi, na leja ya stoo isomwe kila mkutano. Fundi mmoja akajitolea kuziba paa bila malipo. Wala hapakuwa na aliyekataa kuendelea kuchanga, jambo ambalo lingetokea kwa hakika kama ile mifuko 14 ingeandikwa kuwa imetumika na watu wakaja kuigundua wenyewe.

Sisemi kwamba tuzivunje taasisi tukae tunasubiri watu wema. Mwenyekiti yule alikuwa na mkutano wa kisheria wa kusimama mbele yake, na bila mkutano huo ukweli wake usingekuwa na mahali pa kusemwa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, TAKUKURU (taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa), kamati za Bunge na mabaraza ya madiwani vinahitajika hasa kwa ajili ya siku ambayo mwema ameondoka na nafasi yake ameishika mwingine. Kenya nayo, katika Katiba yake ya 2010, iliitenga Sura ya Sita nzima kwa ajili ya uongozi na uadilifu, na mivutano ya mahakamani iliyofuata kuhusu nani anafaa kugombea imeonyesha jinsi ilivyo vigumu kuigeuza tabia kuwa kipimo cha kisheria. Ugumu huo hautupi ruhusa ya kuacha kuipima.

Mwananchi anayo sehemu yake, nayo ni ya vitendo. Malalamiko kuhusu mwenendo wa kiongozi anayeguswa na Sheria ya Maadili, wakiwamo madiwani, wabunge na wakuu wa wilaya, hupelekwa Sekretarieti ya Maadili. Yanayomhusu mtendaji wa mtaa au wa kijiji hupelekwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mwajiri wake. Malalamiko yanayoshughulikiwa kwa urahisi ni yale yanayosema jambo lililotokea, si sifa ya mtu. Ukiandika kwamba fulani ni jeuri, anayepokea hana la kuchunguza. Andika tarehe uliyofika ofisini, saa uliyofika na saa uliyoondoka, huduma uliyoifuata, maneno uliyoambiwa na aliyekuwa pamoja nawe kwenye benchi. Kama sababu uliyopewa ni kwamba muhuri umeondoka na mwenye nao, andika hivyo hivyo.