Kusoma spini kwa umeme hakujaifukuza leza

Sentensi hii imenichosha: "Siku hizi spini inasomwa kwa umeme, mwanga wa nini tena?" Spini ni usumaku mdogo wa asili wa elektroni, na kuisoma kwa umeme ni kupima mkondo badala ya mwanga unaotolewa. Mwanga bado unahitajika! Kilichoondoka ni kigunduzi cha fotoni na msururu wa lenzi za kukusanyia mwanga. Leza ipo palepale, na mara nyingi hulazimu kuiongeza nguvu.

Chukua kasoro iitwayo VB⁻ katika fuwele ya boroni nitraidi ya heksagoni: pengo lililoachwa na atomu ya boroni, chaji hasi, spini 1 (yaani hali tatu za spini), mgawanyiko wa nishati za hali hizo wa takriban gigahezi 3.47 hata pasipo sumaku. Kinachoniudhi ni dhana kwamba mkondo "unahisi" mgawanyiko huo. Haya, tupige hesabu. Gigahezi 3.47 ni kama maikroelektronivolti 14. Joto la chumba peke yake ni kama milielektronivolti 25, karibu mara 1,800 ya hapo. Kwa nishati, spini haina sauti kabisa mbele ya joto hilo.

Kazi yake ni ya askari wa njia panda: hasukumi gari, anaamua tu lielekee wapi. Leza huinua elektroni. Kisha, kutegemea spini, ama fotoni nyingine huing'oa na kuitia kwenye mkondo, ama elektroni hutumbukia katika hali ya kati na kukwama humo kwa muda. Tunachopima ni tofauti ya uwezekano wa njia hizo mbili.

Katika almasi, kwa kasoro za NV (atomu ya nitrojeni kando ya pengo), mbinu hii ilionyeshwa mwaka 2015, na kufikia 2019 ikasoma kasoro mojamoja. Kwenye VB⁻ inavutia zaidi, maana kasoro hii hutoa mwanga hafifu mno. Msisimko mwingi huishia bila fotoni yoyote. Ila mchoro wa mishale mitatu (kuinuliwa, kung'olewa, kukwama) haunitoshi. Mkondo ukibadilika, je, elektroni imetoka kwenye VB⁻ yenyewe, au kwenye kasoro jirani iliyobadilishana nayo chaji? Mimi bado nasita.

Halafu kuna maikrowevu, tunazozitumia kugeuza spini. Huingia kwenye nyaya, hugeuzwa mkondo mnyoofu pale elektrodi zinapogusana na sampuli, na kukuletea kilele kizuri cha uongo. Basi weka sumaku sambamba na mhimili wa kasoro. Mistari ya kweli, yaani vilele vya spini yenyewe, itaachana, kila mmoja ukisogea takriban megahezi 28 kwa militesla. Kilele kisichosogea ni cha kebo yako.