Ripoti ya maendeleo si marejesho ya masurufu

Kwenye miradi ya utafiti wa afya neno "ripoti" limebebeshwa mizigo mingi. Mhasibu akishapeleka jedwali la matumizi, ameripoti. Mtafiti mkuu akishaandika kurasa mbili za mafanikio, ameripoti. Anayeshughulikia vibali vya maadili akishapeleka taarifa ya miezi sita NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania, naye ameripoti. Kila mmoja anasema kweli, na bado mfadhili anaandika kuuliza ripoti iko wapi.

Maana yenyewe ni fupi. Wajibu wa kutoa taarifa ni masharti ya tuzo (fedha za utafiti anazotoa mfadhili) yanayomtaka aliyepewa fedha aeleze, kwa tarehe zilizopangwa, kazi imefika wapi, fedha zimetumikaje, nani amefanya kazi, washiriki wangapi wameandikishwa na nini kimepatikana. Masharti hayo yapo kwenye barua ya tuzo, na barua hiyo husomwa siku ya kwanza ili kuona kiasi cha fedha, kisha huwekwa kwenye faili. Kinachovuruga watu ni tarehe, na nani anamtumia nani.

Tuchukue Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, yaani NIH, kwa kuwa ndizo zinazolipia sehemu kubwa ya utafiti wa UKIMWI, malaria na kifua kikuu katika ukanda huu. Ripoti yao ya kila mwaka huitwa RPPR na hujazwa kwenye mfumo wa eRA Commons. Ina sehemu 8, kuanzia A hadi H: jalada, mafanikio, mazao ya utafiti, walioshiriki kufanya kazi, athari, mabadiliko, masharti maalumu na bajeti.

Kosa linaloudhi kuliko yote ni kuichukulia RPPR kama marejesho ya masurufu. Kila aliyewahi kupewa masurufu ya safari anajua utaratibu: unachukua fedha, unakwenda Mbeya, unarudi na stakabadhi, unarejesha, mhasibu anafuta deni lako. Taarifa hufuata matumizi. Kwa mazoea hayo watu hungoja mwaka wa mradi uishe ndipo waanze kuandika. RPPR inakwenda kinyume kabisa. Hutumwa kabla mwaka haujaisha, kwa sababu ndiyo ombi la fedha za mwaka unaofuata. Afisa wa NIH akiisoma hajiulizi kama zile za mwaka huu zilitumika vizuri. Anajiuliza kama atoe za mwaka ujao. Hakuna deni linalofutwa pale.

Tuweke tarehe. Mwaka wa mradi unaanza 1 Juni na kuisha 31 Mei. Kama tuzo iko kwenye utaratibu mwepesi uitwao SNAP, RPPR inatakiwa 15 Aprili, takriban siku 45 kabla ya mwaka mpya wa mradi. Kama haiko kwenye SNAP, inatakiwa 1 Aprili. Ripoti ya fedha ni kitu kingine kabisa: huitwa FFR, hujazwa kwenye fomu SF-425 kwa dola za Kimarekani, na huja baadaye. Kwa tuzo zinazotakiwa kuitoa kila mwaka, siku 90 huhesabiwa tangu mwisho wa robo mwaka ya kalenda ambamo mwaka wa mradi uliisha. Mwaka ulioisha 31 Mei unaangukia robo inayoisha 30 Juni, kwa hiyo FFR inatakiwa mwishoni mwa Septemba. Kati ya ripoti hizo mbili za mwaka uleule kuna zaidi ya miezi mitano. Anayesema "ripoti ya mwaka tumeshatuma" mwezi Mei na anayesema "bado" mwezi Agosti wanaweza kuwa ofisi moja, na wote hawajadanganya.

Kwa kuwa RPPR huandikwa mwaka ukiwa bado unatembea, swali lake la fedha ni la makadirio. Linauliza kama mnatarajia bakaa itakayozidi asilimia 25 ya bajeti iliyoidhinishwa ya mwaka huo, pamoja na bakaa iliyovushwa kutoka miaka ya nyuma. Hapa ndipo miradi yenye washirika huumia. Chukua bajeti ya dola 400,000. Mwanzoni mwa Aprili vitabu vya chuo cha Marekani kinachoshika tuzo vinaonyesha zimetumika 270,000 na kubaki 130,000, ambayo ni asilimia 32.5. Mtu wa haraka atajibu "ndiyo" na kuanza kutunga maelezo ya kwa nini kazi imechelewa. Kumbe taasisi mshirika ya Tanzania haijatuma ankara za Januari hadi Machi zenye thamani ya 55,000. Ukizitoa hizo inabaki 75,000, chini ya asilimia 19, na mishahara ya Aprili na Mei bado haijaguswa. Kazi haikuchelewa, ankara ndizo zilizochelewa. Lakini aliyejibu "ndiyo" amempa mfadhili sababu ya kuuliza kama fedha zote za mwaka ujao zinahitajika kweli.

Hilo la taasisi mshirika lifafanuliwe. Taasisi inayopata fedha za NIH kupitia chuo cha Marekani ni mpokeaji mdogo, na haitumi RPPR kwa NIH. Inampa taarifa mpokeaji mkuu, yaani chuo hicho, kwa tarehe zilizomo kwenye mkataba wao wawili, na tarehe hizo hutangulia zile za NIH ili mpokeaji mkuu apate nafasi ya kuunganisha. Ukisoma tarehe kwenye tovuti ya NIH na kuifuata wewe mpokeaji mdogo, umeshachelewa. Tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitangaza kusimamisha utoaji wa fedha za namna hii kwa taasisi za nje hadi uwepo muundo mpya ambamo mshirika wa nje atakuwa na tuzo yenye namba yake mwenyewe. Kwa atakayeingia kwenye muundo huo, mazoea ya "chuo cha Marekani watatutumia" yamekwisha.

Kuna vitu vidogo ndani ya RPPR vinavyokwamisha fedha kubwa. Cha kwanza ni makala. NIH hutaka kila makala iliyotokana na fedha zao iwe na namba ya PMCID, inayoanza na herufi PMC, maana yake makala nzima imehifadhiwa na inasomeka bure. Watu huweka PMID na kuridhika. PMID inaonyesha tu kwamba makala imeorodheshwa kwenye PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za afya. Kwenye My Bibliography, orodha ya mtandaoni ya makala za mtafiti, alama huonekana wazi: kijani imetimiza, njano inashughulikiwa, nyekundu haijatimiza. Tangu 1 Julai 2013 NIH huchelewesha fedha za mwaka unaofuata kwa tuzo yenye makala ambazo hazijatimiza sharti. Na kwa makala zilizokubaliwa kuchapishwa tangu 1 Julai 2025 hakuna tena muda wa kusubiri miezi 12: hutakiwa zipatikane bure siku ileile zinapochapishwa.

Cha pili ni miezi-mtu. Sehemu D hutaka kila aliyefanya kazi walau mwezi-mtu mmoja kwa mwaka, yaani kazi ya mtu mmoja ya mwezi mzima, atajwe. Aliyeajiriwa miezi 12 na kuweka robo ya muda wake kwenye mradi ana miezi-mtu 3. Hesabu hii haihusiani na kiasi alicholipwa. Muuguzi wa utafiti aliyekaa kliniki mwaka mzima kwa mshahara mdogo ana miezi-mtu 12, na profesa anayelipwa mara nane yake kwa asilimia 5 ya muda ana 0.6, hafikishi hata mwezi mmoja. Ukiona orodha yenye maprofesa watupu, jua imeandikwa kwa kuangalia heshima.

Cha tatu ni idadi ya washiriki. Jedwali la uandikishaji hugawanya washiriki kwa jinsia, asili na rangi kwa makundi ya Kimarekani, hata kama wote ni wa Bagamoyo. Jazeni hivyohivyo. Washiriki walioandikishwa nje ya Marekani huwekwa kwenye jedwali lao, hawachanganywi na wa ndani. Idadi itoke kwenye daftari la uandikishaji, kwa tarehe moja iliyotajwa. Ikiwa RPPR inasema 612 na taarifa ya kamati ya maadili ya mwezi huohuo inasema 640, kuna mtu atauliza wale 28 ni kina nani.

Na hata ikishajazwa yote, mtafiti mkuu akibonyeza kuipeleka mbele anakuwa ameipeleka kwa afisa mwenye mamlaka ya kusaini wa taasisi yake. Haijafika NIH. Isipokuwa amekasimiwa mamlaka ya kutuma mwenyewe, ripoti hukaa pale mpaka afisa huyo aitume, na yeye anaweza kuwa likizo ya Pasaka.

Hiyo ndiyo saa ya mfadhili. Sasa saa ya pili, ile ya nyumbani Tanzania. Cheti cha maadili cha NIMR hudumu mwaka mmoja na hutaka taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi 6, kwao, Wizara ya Afya, na waganga wakuu wa mkoa na wilaya. Mwaka huo huanza tarehe ya cheti, siyo tarehe ya tuzo. Marekani, kanuni za kulinda washiriki zilizoanza kutumika 21 Januari 2019 ziliondoa mapitio ya kila mwaka kwa tafiti nyingi zenye hatari ndogo, na wenzetu wa kule hutuambia kwa nia njema kabisa kwamba "hakuna haja ya kuhuisha". Kwao hakuna. Kwetu cheti kikiisha, kazi ya kukusanya data husimama. Vilevile ruhusa ya kuchapisha matokeo huombwa NIMR kabla ya makala kwenda kwenye jarida. Mfadhili kuipenda rasimu hakuondoi sharti hilo.

Saa hizi mbili hugongana kwenye data. Tangu Januari 2024 NIH hutaka mpokeaji mdogo wa nje ampe mpokeaji mkuu, walau mara moja kwa mwaka, nakala za madaftari ya maabara, data na nyaraka zinazothibitisha kilichoandikwa kwenye ripoti ya maendeleo. Kumfungulia asome kwa njia ya kielektroniki kunatosha. Lakini data za Watanzania kutoka nje ya nchi huhitaji mkataba wa uhamishaji data kupitia NIMR, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika pia. Mkataba huo uombwe mwanzoni mwa mradi. Ukiombwa Machi kwa ajili ya ripoti ya Aprili, umechelewa.

Kwa majaribio ya tiba kuna ripoti nyingine ambayo watu hudhani makala imeilipa. Jaribio lililofadhiliwa na NIH husajiliwa kwenye daftari la mtandaoni la majaribio, ClinicalTrials.gov, ndani ya siku 21 tangu mshiriki wa kwanza aandikishwe, na muhtasari wa matokeo hujazwa humo ndani ya mwaka mmoja tangu data za kipimo kikuu zikusanywe kwa mshiriki wa mwisho. Makala kwenye jarida hata liwe kubwa namna gani haihesabiki kuwa muhtasari huo.

Limebaki neno "kufunga". Fedha zikiisha kwenye akaunti, husemwa mradi umefungwa. Mradi ukiisha 31 Mei 2026, mpokeaji mkuu ana siku 120, hadi 28 Septemba, kutuma ripoti ya mwisho ya maendeleo, FFR ya mwisho na tamko la uvumbuzi, ambalo hutumwa hata kama hakuna kilichovumbuliwa. Mpokeaji mdogo ana siku 90 tu kumkabidhi mpokeaji mkuu vyake, hadi 29 Agosti, na mikataba mingi humpa pungufu ya hizo. Ankara itakayofika Oktoba kwa kawaida inabaki kuwa deni la taasisi. Na ile miaka 3 ya kutunza nyaraka, ambayo wengi huihesabu tangu siku kazi ilipokoma, huanza siku FFR ya mwisho ilipotumwa. Kwa mfano wetu, ikitumwa 28 Septemba 2026, maboksi ya stakabadhi yaandikwe "hadi 28 Septemba 2029", siyo "Mei 2029", na zaidi ya hapo kama kuna ukaguzi au kesi ambayo haijaisha.