Kibodi nyembamba ya mekanika isiyo na waya: maana yake, na mtihani wa herufi A

Andika sentensi hii: wanafunzi wamekaa darasani. Ina herufi 24, na 8 kati ya hizo ni A. Kwa anayechapa kwa vidole vyote, A hubonyezwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko wenzake. Juu yake tu imekaa Q, herufi ambayo Kiswahili sanifu hakina kazi nayo, na X vilevile. Mpangilio huu ulizaliwa Marekani miaka ya 1870 pamoja na mashine za chapa za Remington, na waliouunda walikuwa wakiandika Kiingereza. Sisi tumeurithi ulivyo, tukakitwisha kidole kidogo herufi inayojirudia kuliko zote katika lugha yetu.

Kazi yangu ni kuhariri matini ya Kiswahili, na jioni nacheza gemu kwenye kompyuta ileile. Kwa hiyo ninapoulizwa kibodi ipi inunuliwe, huanza na kidole hicho. Siku hizi jibu linalotajwa sana na walio tayari kutoa fedha nyingi ni kibodi nyembamba ya mekanika isiyo na waya, ya hali ya juu. Jina ni refu, na kila neno ndani yake ni dai ambalo mnunuzi anaweza kulipima.

Tuanze na mekanika, maana ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Ndani ya kibodi nyingi za ofisini kuna utando mmoja wa mpira uliotandazwa chini ya vitufe vyote, wenye vinundu mfano wa vikombe vilivyofudikizwa. Ukibonyeza kitufe, kikombe kinabonyea, na tabaka mbili za saketi zilizo chini yake hugusana. Mara nyingi herufi haitoki mpaka kidole kifike chini kabisa, kigonge sakafu. Kibodi ya mekanika haina utando huo. Kila kitufe kina swichi yake, yaani kisanduku kidogo chenye springi, kijiti kinachopanda na kushuka, na vipande viwili vya chuma vinavyokutana njiani. Herufi hutoka kijiti kikiwa hakijafika mwisho. Mchapaji akishazoea hujifunza kuinua kidole mapema, na hapo ndipo uchovu unapopungua.

Swichi iliyoweka kipimo ambacho wengine wengi wamekifuata ni MX ya kampuni ya Cherry, iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Safari yake nzima ni milimita 4. Kwenye ile nyekundu herufi hutoka kwenye milimita 2, na nguvu inayohitajika inakaribia uzito wa gramu 45. Rangi za vijiti vyake zimekuwa lugha ya biashara hii duniani kote: nyekundu hushuka laini bila kikwazo, kahawia ina kinundu unachokihisi pale herufi inapotoka, bluu ina kinundu na mlio juu yake. Hataza ya Cherry, yaani haki yake ya uvumbuzi, ilipokwisha muda, viwanda vya China kama Kailh na Gateron viliingia kwa nguvu, na vingi ya vitu vipya tunavyoviona leo vimetoka huko.

Ukisoma kwenye boksi maneno yanayodai kibodi ina "hisia ya mekanika", jua kwamba hisia si swichi. Nyingi za namna hiyo ni za mpira. Omba ruhusa ya kung'oa kifuniko cha kitufe kimoja uangalie kama kuna kisanduku kilichosimama peke yake, kilichopachikwa kwenye bamba. Muuzaji mwenye bidhaa ya kweli hatakataa.

Sasa neno nyembamba. Kiswahili hapa kinaweza kumpotosha mtu, kwa sababu kitu chembamba kinaweza kuwa kimepungua upana, na kweli ziko kibodi zilizokatwa sehemu ya tarakimu ya upande wa kulia zikawa fupi kwa ubavu. Hiyo ni habari nyingine. Unaozungumzwa hapa ni wembamba wa kimo, kutoka mezani hadi juu ya kitufe. Swichi ya MX ya kawaida ina kimo cha milimita 18.5. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Cherry walionyesha toleo fupi lenye milimita 11.9, ambalo safari yake ni milimita 3.2 na herufi hutoka kwenye milimita 1.2. Kailh nao wana swichi ya Choc yenye safari ya milimita 3. Vitufe vya kompyuta ya mpakato husafiri takriban milimita moja au moja na nusu. Kibodi nyembamba ya mekanika imekaa katikati: ina springi na kina vya kutosha kwa kidole kujua kimebonyeza, lakini haimlazimishi mtu kupandisha viganja.

Viganja ndiyo sababu hasa ya kulipia wembamba. Kibodi ndefu ya mekanika hukifanya kifundo cha mkono kikunjike kwenda juu muda wote unapoandika, isipokuwa uweke mto mbele yake. Anayechapa kurasa mbili kwa siku hatajali. Anayekaa mezani saa nane, kisha akaongeza mbili za gemu usiku, atalihisi jambo hilo kabla mwezi haujaisha. Mimi nililihisi, na ndilo lililonitoa kwenye kibodi ndefu niliyoipenda sana kwa sauti yake.

Lakini wembamba una gharama. Herufi inapotoka kwenye milimita 1.2 na springi ikiwa nyepesi, kidole kilichopumzika tu kinaweza kuandika. Kwa mwandishi wa Kiswahili hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu irabu zetu zikirudiwa hubadili maana. Kukata na kukataa ni vitendo viwili, kufa na kufaa hali kadhalika. Programu ya kukagua tahajia haitakuokoa, maana maneno yote mawili ni sahihi. Niliwahi kuwa na kibodi nzuri ambayo kitufe chake cha A kilianza kujirudia chenyewe, nabonyeza mara moja inatoka mbili. Katika barua ya ofisi nikaandika kwamba mteja "amekataa tiketi", naye alikuwa amekata tiketi yake vizuri na kulipa. Iligunduliwa baada ya barua kutumwa, na ikabidi niombe radhi kwa maandishi.

Kujirudia huko kuna sababu inayojulikana. Vipande viwili vya chuma vinapokutana huwa vinadundadunda kidogo kabla ya kutulia, na chipu ya kibodi imeelekezwa kusubiri mdundo upite. Vumbi likiingia, au unyevu ukizichakaza sehemu zinazogusana, mdundo unarefuka kupita muda wa kusubiri, na chipu inahesabu mibonyezo miwili. Tunaoishi Pwani, ambako unyevu wa hewa haupungui na dirisha huwa wazi mchana kutwa, tuna sababu ya kulijua hili kabla ya kununua. Viwanda vingi hutangaza kwamba swichi itahimili mibonyezo milioni 50. Kwangu herufi A ndiyo itakayoanza kuchoka, na swali muhimu ni je, nitaweza kuibadilisha hiyo moja bila kutupa kibodi nzima?

Zipo kibodi ambazo swichi zake zimechomekwa tu kwenye soketi, bila kuchomelewa kwa risasi. Unaing'oa swichi mbovu kwa koleo dogo linalokuja ndani ya boksi, unachomeka nyingine, dakika moja kazi imekwisha. Nalithamini hili kuliko taa za rangi zote. Kwenye kibodi nyembamba, hata hivyo, soketi hazielewani baina ya viwanda kama ilivyo kwenye zile ndefu. Swichi fupi ya Gateron haiingii mahali pa Choc ya Kailh. Vifuniko nao wana mambo yao: Choc ya kwanza ina vitundu viwili juu badala ya umbo la msalaba, kwa hiyo vifuniko vya kawaida havikai. Ukinunua, nunua papo hapo swichi chache za akiba za aina ileile. Kuzitafuta miaka mitatu baadaye kwa wakala wa mizigo ni shughuli.

Tukija kwenye kutokuwa na waya, hapa kazi na gemu huachana njia. Kibodi inaweza kuzungumza na kompyuta kwa Bluetooth, au kwa kipokezi chake kidogo cha USB kinachotumia masafa ya gigahezi 2.4. Kwa kazi za ofisi Bluetooth inatosha kabisa, na faida yake ni kwamba kibodi moja hukumbuka vifaa kadhaa. Unaandika ripoti kwenye kompyuta, unabonyeza kitufe, unajibu ujumbe wa simu kwa vidole kumi. Kwenye gemu hesabu ni nyingine. Kipokezi kizuri hupokea taarifa za vitufe mara 1000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde moja. Njia iliyozoeleka ya mara 125 kwa sekunde huacha mwanya wa milisekunde 8, na Bluetooth haiaminiki kwenda kasi kuliko hapo. Mhariri hatauona mwanya huo maisha yake yote. Mchezaji wa gemu za kulenga shabaha anaweza kuuona, hasa unapokuwa haulingani kutoka mbonyezo mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo anayetaka kibodi moja ya shughuli zote mbili ahakikishe ina njia zote mbili. Hapo sina masharti wala lakini.

Kipokezi hicho nacho kina adui asiyetarajiwa. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo yaliyoonyesha kwamba tundu na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele katika masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Ukikichomeka kipokezi nyuma ya kompyuta, bega kwa bega na diski ya nje, vitufe vinaweza kurukwa ukadhani kibodi imeharibika. Dawa ni waya mfupi wa kurefushia, ukikileta kipokezi mezani karibu na kibodi. Hakikisha pia mawasiliano yamefichwa kwa usimbaji, kwa sababu mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha kwamba kibodi kadhaa za bei nafuu zilikuwa zikirusha herufi hewani bila kuzificha, nywila na yote.

Betri hutegemea taa kuliko kitu kingine chochote. Kampuni ya Logitech inasema kibodi yake ya MX Mechanical ya mwaka 2022 inakaa siku 15 taa zikiwaka na miezi 10 zikiwa zimezimwa. Mimi huzima.

Kampuni hiyohiyo inatupa mfano mzuri wa neno la mwisho, yaani "ya hali ya juu". MX Mechanical ilitoka kwa takriban dola 170 za Kimarekani, nayo imetengenezwa kwa ajili ya meza ya kazi: tulivu, inakumbuka vifaa vitatu, haina haja na mbio za milisekunde moja. G915 yao ya mwaka 2019 iliuzwa takriban dola 250. Unene wake ni milimita 22, uso wake ni wa alumini, na kipokezi chake ni cha kasi ya gemu, lakini kwa taa zote ina chaji ya saa 30 hivi. Zote mbili ni nyembamba, zote za mekanika, zote hazina waya, na bado ni vyombo viwili tofauti. Bei kubwa haikuhakikishii kwamba kitu kimekusudiwa kwako. Ukiwa na kazi na gemu kwa pamoja, angalia kwanza Keychron, NuPhy na wengine walioingia soko hili baadaye. Miongoni mwa kibodi zao nyembamba zimo zenye soketi za kubadilisha swichi, na bei zake nyingi ziko chini ya hizo nilizotaja. Ila si kila toleo lina kipokezi, kwa hiyo soma boksi.

Kuhusu rangi ya swichi, wachezaji wengi watakuambia nyekundu. Kwa anayeandika Kiswahili mchana na kucheza usiku nachagua kahawia. Kile kinundu kidogo kinakizuia kidole kilicholala juu ya A kisiandike bila idhini, na kwenye gemu hakinicheleweshi chochote ninachoweza kukihisi. Bluu iache nyumbani kwa anayeishi peke yake.

Vifuniko viwe vya plastiki ya PBT ukipata, kwa sababu plastiki ya ABS hulainika na kung'aa mahali vidole vinapopita sana. Unajua ni kitufe gani kitakachotangulia.

Dukani usibofyebofye ovyo. Iunganishe na simu yako kwa Bluetooth, weka viganja mezani, andika "wanafunzi wamekaa darasani" mara kumi kwa kasi yako ya kawaida, kisha andika "ng'ombe" uone alama ya ritifaa iko mahali pake bila kushikilia kitufe kingine. Gonga kitufe cha nafasi kushoto, katikati na kulia, usikilize kama kuna sehemu inayokereza kama bati. Shikilia Shift zote mbili uandike HABARI, uone kama herufi zote zinatoka. Halafu hesabu A ulizoandika. Mistari kumi ina A themanini. Zikiwa themanini na moja, irudishe.