Mazungumzo ya matakwa ya mgonjwa wa saratani ni nini?

Ni mazungumzo ambayo mgonjwa wa saratani iliyosambaa na wanaomhudumia huulizana mambo yasiyoonekana kwenye majibu ya maabara: anajua nini kuhusu hali yake, anahofia nini, kipi kitangulie maishani mwake sasa, na mateso gani yuko tayari kuyavumilia ili aongezewe muda. Si fomu ya kutia sahihi, wala si tangazo kwamba tiba imeisha. Mtu anaweza kuwa bado anapigwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, huku ameshasema wazi kwamba hataki kufia katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Hapa Nairobi mambo huharibika kabla daktari hajafungua mdomo. Kifungua mimba anamvuta kando kwenye korido: "Daktari, tafadhali usimwambie mzee. Atakufa na mawazo." Ni mapenzi hayo, sitayabeza. Lakini mzee ana macho. Anaona alivyokonda, amesikia kuna kikundi cha WhatsApp cha mchango wake, na dada yake aliyefika ghafla kutoka Machakos anajifuta machozi jikoni. Wote wanajua, na kila mmoja ananyamaza ili amkinge mwenzake.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, tiba zilizopo, gharama na madhara yake, pamoja na haki ya kukataa tiba. Mhudumu anaruhusiwa kumficha hali yake pale tu penye ushahidi mzito kwamba kumweleza ni kinyume cha maslahi yake. Ombi la korido halifikii hapo.

Mhudumu anayeijua kazi hii huanza kwa kuuliza.

"Mzee, wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa huu?"

"Walisema umeingia kwenye ini."

"Ungependa nikueleze yote, ama mengine niongee na kijana wako?"

"Niambie mimi. Huyo atalia."

Ndipo aseme lililopo bila kumnyima tumaini: "Natumai dawa hii itapunguza uvimbe. Lakini nahofia ugonjwa unaweza kuzidi, na ningetaka tujipange." Kisha anyamaze. Kimya hicho huwashinda madaktari wengi. Hukijaza kwa kuagiza kipimo kingine. Akivumilia, mzee huenda akauliza: "Nitafika nyumbani kabla ya Krismasi?"

Swali hilo ni la kitabibu kabisa. Kama nyumbani ni Kakamega, kuna wiki ambazo bado anaweza kuketi kwenye basi, na baada ya hapo ni ambulensi, kisha gari la maiti, na kila hatua inaongeza gharama. Pengine kemo ya awamu ijayo isogezwe. Itabidi aondoke na morfini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, ya kumtosha, na ijulikane ni kituo gani huko kitamwongezea ikiisha. Hakuna anayeweza kupanga hayo bila kumsikia mwenyewe akitamka neno nyumbani.

Wapo wanaodhani ukianza kuongea hivi umemkatia mtu tamaa. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2010 ulifuata wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliokutana mapema na wataalamu wa huduma ya kutuliza, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, juu ya tiba ya kawaida, waliishi kwa hali bora zaidi na wachache wao walipewa tiba za nguvu mwishoni. Muda wa kati wa kuishi kwao, ule ambao nusu yao waliuvuka, ulikuwa miezi 11.6, na wa wenzao waliopata tiba ya kawaida tu 8.9. Nairobi Hospice, iliyo ndani ya uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, imekuwa ikitoa huduma ya aina hii tangu 1990, ila wagonjwa wengi bado hufikiria kuwa hapo huendwa na wanaokata roho.

Familia haiachwi nje. Mgonjwa aulizwe mapema ni nani atamsemea akishindwa kuongea, maana asipomtaja, mara nyingi anayeamua ni anayelipa bili. Jina hilo na matakwa yenyewe yaandikwe kwenye faili, kwa sababu daktari wa zamu ya usiku hakuwepo mlipoongea. Na yaulizwe tena kila baada ya skani au kulazwa upya: aliyesema Machi kwamba hataki tena kulazwa anaweza kukubali drip na kitanda mwezi Julai, kwa vile mjukuu wake anaolewa Agosti.