"Vifo vimepungua, tumefanikiwa": dhana potofu kuhusu ajali katika miji midogo

Kila Januari napokea simu ileile. Sauti hubadilika, mji hubadilika, maneno hayabadiliki: "Mwaka juzi tulikuwa na ajali nne za vifo, mwaka jana saba. Tumekosea wapi?" Au kinyume chake, na hii ndiyo inayoniumiza zaidi: "Zilikuwa saba, sasa ni mbili. Hatua zetu zimezaa matunda." Kazi yangu ni kuchambua takwimu za ajali za miji midogo, ile ambayo ukiorodhesha vifo vyake vya barabarani vya mwaka mzima hujazi ukurasa mmoja. Mwezi huu nimeisikia kauli hiyo mara tatu, na mara ya tatu ilitoka kwa mhandisi mwenzangu. Nimeona niandike.

"Ajali zimeshuka, maana yake hatua zetu zimefanya kazi"

Huenda zimefanya kazi. Huenda hazikufanya lolote. Namba mbili za miaka miwili, tena ndogo kiasi hicho, haziwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo.

Chukua mji ambao wastani wake halisi ni ajali 4 za vifo kwa mwaka. Tuseme hakuna kinachobadilika: barabara zilezile, magari yaleyale, madereva walewale, mvua ileile. Je, kila mwaka utahesabu 4? Huwezi. Ukitumia hesabu ya matukio adimu inayobeba jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson, aliyeichapisha mwaka 1837, utakuta kwamba takriban mwaka 1 katika kila 9 utaleta ajali 7 au zaidi, na takriban mwaka 1 katika kila 11 utaleta moja tu au usilete hata moja. Hakuna aliyelegea mwaka wa ajali saba, na hakuna aliyejitahidi mwaka wa ajali moja. Ni mtawanyiko wa kawaida wa namba ndogo, kama dadu inavyoweza kutoa sita mara tatu mfululizo bila kuchezewa na mtu.

Anayedhani hii ni nadharia ya vitabuni atazame alichokifanya mtakwimu Ladislaus Bortkiewicz mwaka 1898. Alichukua vikosi vikubwa 10 vya jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Ujerumani, kwa miaka 20, akahesabu askari waliokufa kwa teke la farasi. Akapata rekodi 200, kila moja ya kikosi kimoja kwa mwaka mmoja. Rekodi 109 hazikuwa na kifo, 65 zilikuwa na kimoja, 22 na viwili, 3 na vitatu, na moja tu ilikuwa na vinne. Kamanda wa kikosi kilichopoteza askari wanne lazima alitafuta wa kumlaumu. Lakini mgawanyo ule unafuata hesabu ya Poisson karibu namba kwa namba. Farasi wa kikosi kile hawakuwa wakali kuliko wengine.

Madiwani huwa nawapa kanuni moja rahisi ya kupimia: tafuta kipeuo cha pili cha wastani wako, huo ndio mtikisiko wa kawaida wa kupanda au kushuka. Wastani ukiwa 4, mtikisiko ni 2, yaani nusu nzima ya wastani wenyewe. Nchi yenye ajali 4,000 za vifo mtikisiko wake ni kama 63, haufiki hata asilimia 2. Ndiyo sababu asilimia zina maana kwa taifa na hazina maana kwa mji mdogo. Kutoka 4 kwenda 7 ni "ongezeko la asilimia 75", maneno ya kutisha, na huenda hakuna kilichoongezeka. Mtu akikuletea asilimia ya ajali za mji mdogo, mwombe namba zenyewe kwanza. Nasema hivi kila kikao na bado asilimia zinaletwa. Na tafadhali hesabu ajali, si maiti: basi moja likipinduka na kuua watu sita, hilo ni tukio moja, lakini kwenye jedwali la vifo litaonekana kama janga la mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye sehemu inayogharimu maisha. Miji haichukui hatua mwaka wowote tu. Inachukua hatua baada ya mwaka mbaya. Ajali tatu zikitokea kwenye njia panda moja, wananchi wanalia, viongozi wanakwenda, kibao kikubwa kinawekwa. Mwaka unaofuata kunatokea moja. Kibao kinasifiwa. Lakini ile tatu ilikuwa kilele, na baada ya kilele kinachotarajiwa ni kushuka, hata kama mngepanda ua badala ya kibao. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliona jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na watoto wao: wazazi warefu kupita kiasi walizaa watoto warefu, ila si warefu kama wao. Tunaliita kurudi kwenye wastani. Ezra Hauer, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Toronto, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuwaonya wenzetu juu ya mtego huu, na akatufundisha dawa yake: usiihukumu njia panda kwa rekodi zake peke yake, zichanganye na rekodi za njia panda nyingine zinazofanana nayo, ndipo upate makadirio ya ambacho kingetokea bila hatua yoyote.

Kibao kisichofanya kazi, kikishasifiwa, kinanunuliwa kingine, na kingine. Fedha ambayo ingejenga njia ya waenda kwa miguu inaishia kwenye mabati yaliyopakwa rangi. Kinyume chake kinaumiza zaidi. Nimewahi kuona matuta yaliyojengwa vizuri, mbele ya shule, baada ya mwaka tulivu ambao bahati tu ilikuwa njema. Mwaka uliofuata ajali zilikuwa mbili badala ya moja. Ikasemwa kwamba matuta ndiyo yanayosababisha ajali, yakachimbuliwa. Nilipinga kwa maandishi nikiwa na vipimo vya mwendo mkononi: magari yalikuwa yamepunguza mwendo waziwazi. Havikusomwa.

Hata mshuko wa kweli si lazima udumu. Uswidi ilipohamisha magari kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, ajali zilishuka ghafla kwa sababu kila mtu aliendesha kwa hofu. Hofu ilipoisha, ajali zilirudi katika hali ya zamani ndani ya miaka miwili hivi. Aliyepima miezi ya mwanzo tu angeshauri dunia nzima ihamie kulia.

Nini basi kifanyike? Kwanza, tazama angalau miaka mitano kwa pamoja, na hesabu ajali zenye majeruhi wa hali mbaya pamoja na zile za vifo, ili namba zipate uzito. Pili, na huu ni ushauri ambao nitaurudia hadi nistaafu: pima mwendo. Mwendo hausubiri msiba ndipo uonekane. Alasiri moja ya kupima magari 200 yanayokwenda bila kuzuiwa na gari la mbele itakueleza hatari ya barabara yako vizuri kuliko miaka kumi ya orodha ya marehemu. Tafuta mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi. Pima kabla ya kujenga, pima mwezi mmoja baadaye, pima tena baada ya mwaka. Na usisimame kando ya barabara umevaa fulana inayong'aa ukiwa umeshika kifaa mkononi. Kila dereva atakanyaga breki, nawe utarudi ofisini na vipimo vya fulana yako. Tatu, kaa kwenye makutano uhesabu nusura-ajali: breki za ghafla, mtu aliyeruka nyuma, pikipiki iliyokwepa dakika ya mwisho. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, wameifanya kazi hiyo kuwa mbinu kamili ya utafiti, na haihitaji mtu yeyote kufa.

"Kilomita kumi zaidi si kitu"

Magari mawili yanakwenda sambamba, moja kwa kilomita 50 kwa saa, jingine 60. Mtoto anatokea. Wape madereva wote sekunde moja na nusu ya kushtuka, breki nzuri na lami kavu. Gari la kwanza linasimama kwenye mita kama 35. La pili linapofika pale ambapo mwenzake amesimama, bado linakwenda zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Mtoto aliyekuwa mita 36 mbele, kwa gari la kwanza ameponea chupuchupu. Kwa la pili amegongwa. Hesabu za mtafiti Msuidi Göran Nilsson zinaonyesha kwamba ajali za vifo hufuata wastani wa mwendo kwa kipeo cha nne: punguza wastani kwa asilimia 5 tu, ajali za vifo zinapungua karibu moja ya tano. Sijui kipimo kingine katika kazi yetu chenye faida kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo.

"Asilimia 94 ya ajali ni makosa ya binadamu, barabara haina kosa"

Namba hiyo inatoka kwenye ripoti ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ya mwaka 2015, na wanaoinukuu hawajaisoma. Ripoti ilizungumzia tukio la mwisho katika mnyororo unaoishia kwenye ajali, na yenyewe ikasema wazi kwamba hiyo isichukuliwe kuwa ndiyo chanzo wala lawama. Dereva amekosea, sawa. Ila ni nani aliyeuweka mti wa mita moja upana kando ya kona kali? Nani aliyejenga kilomita tatu zilizonyooka katikati ya makazi, kisha akaweka kibao cha 50?

Binadamu atakosea leo, na kesho pia. Bunge la Uswidi liliikubali hoja hiyo Oktoba 1997 lilipopitisha sera ya kutokomeza kabisa vifo vya barabarani: makosa yatatokea, barabara ijengwe ili kosa lisiwe hukumu ya kifo. Mfano mzuri kuliko yote ni mzunguko, au kipilefti kama wengi wanavyouita. Makutano 24 ya Marekani yaliyobadilishwa kuwa mizunguko yalipunguza ajali zenye majeruhi kwa karibu robo tatu, na zile za vifo na ulemavu kwa makadirio ya asilimia 90 hivi. Madereva walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena anayeweza kupita kwa kasi na kumgonga mwenzake ubavuni. Na kwa kuwa nimelalamika juu ya mtego wa wastani, niseme kwamba watafiti wale waliusahihisha, kwa mbinu ileile ya Hauer.

"Tuna magari machache, hatari iko kwenye majiji"

Magari machache maana yake barabara tupu, na barabara tupu ni mwaliko wa kukimbia. Foleni ya jijini inaudhi, lakini mara chache huua. Ongeza barabara kuu inayokatiza katikati ya mji, gari la wagonjwa lililoko mbali, na hospitali iliyoko mbali zaidi.

"Tukiipanua na kuiweka lami laini, ajali zitaisha"

Zitaongezeka, kama hamtajenga chochote cha kuzuia mwendo pamoja nayo. Sina la kuongeza hapo.

"Safari ni fupi, mtoto nimempakata"

Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 anachomoka mikononi kwa nguvu ya mzigo wa kilo kama 200. Hakuna mama wala baba anayeweza kuushika mzigo huo, na upendo hauongezi nguvu za mkono. Kiti cha mtoto na mkanda wake, hata kama mnakwenda mtaa wa pili. Kwenye pikipiki ni helmeti, na kamba yake ifungwe chini ya kidevu. Mapitio makubwa ya tafiti ya mwaka 2008 yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Isiyofungwa itatangulia kuanguka kabla yako.

"Polisi wanazo namba zote"

Polisi wanazo namba za ajali walizoitwa. Kipimo kinachotumika kimataifa ni kwamba anayekufa ndani ya siku 30 kutokana na ajali ahesabiwe kuwa kifo cha barabarani. Lakini katika mji mdogo majeruhi wa hali mbaya huhamishiwa hospitali kubwa, anafariki siku ya kumi na mbili, na faili lake la polisi linabaki limeandikwa "majeruhi". Aliyeanguka na baiskeli peke yake haandikwi kabisa. Aliyegongwa na jirani wakayamaliza nyumbani haandikwi pia. Kwa hiyo nikifika kwenye mji mgeni, kabla ya kuomba faili la polisi, naomba kitabu cha mapokezi ya majeruhi hospitalini, nakaa na muuguzi aliyekuwapo zamu, tunapitia mstari kwa mstari, na kwa kila jina namuuliza: huyu aliumia barabara gani?