Mwanamuziki wa foku mwenye imani ni mtu wa aina gani?

Kwetu ukisema mwanamuziki fulani ni Mkristo na anaimba imani yake, watu wameshajua: huyo ni mwimbaji wa injili. Marekani kuna kundi jingine lisiloingia kwenye hesabu hiyo. Ni wanamuziki wa foku, yaani muziki wa gitaa kavu na banjo unaosimulia maisha ya watu wa kawaida. Biblia imejaa kwenye mashairi yao, lakini huwakuti kwenye mikutano ya injili. Wanapiga kwenye kumbi za kawaida, mbele ya wenye dini na wasio na dini.

Mfano wangu ni Sufjan Stevens, mzaliwa wa Detroit, 1975. Albamu yake Seven Swans (2004) ina wimbo wa Abrahamu na mwingine wa Yesu kugeuka sura mlimani. Ukiishia hapo utadhani ni injili iliyopunguzwa kelele tu. Mwaka uliofuata akatoa Illinois, na humo mna wimbo uitwao Casimir Pulaski Day. Kijana anasimulia habari za msichana anayeugua saratani ya mifupa. Jumanne usiku wenzao wa kikundi cha kujifunza Biblia wanainua mikono na kumwombea, na hakuna kinachotokea. Msichana anafariki. Msimulizi haachi kumtaja Mungu, ila hamtetei pia. Mwimbaji wa injili angetafuta ushindi kabla ya ubeti wa mwisho. Stevens anauacha msiba ulivyo.

Halafu kuna suala la kuchanganya mitindo. Kwenye Illinois banjo inakaa na tarumbeta, vinanda na kwaya. Kabla ya hapo, 2001, alishatoa Enjoy Your Rabbit, albamu ya muziki wa kielektroniki iliyojengwa juu ya wanyama wa kalenda ya Kichina. The Age of Adz (2010) nayo imejaa midundo ya kompyuta, na wimbo wake wa mwisho unazidi dakika 25. Unahitaji subira, nisikufiche. Mama yake alipofariki 2012, vyote hivyo akavipunguza: Carrie & Lowell (2015) ni gitaa na sauti karibu mwanzo hadi mwisho. Kinachobaki kuwa foku katika albamu zake nyingi ni ule usimulizi wa watu na mahali. Aliwahi hata kutangaza kwamba atatunga albamu kwa kila jimbo kati ya majimbo 50 ya Marekani. Zikatoka mbili, Michigan na Illinois, kisha akakiri ilikuwa mbinu ya kujitangaza.

Ukitaka kumjaribu, anza na nyimbo za Krismasi alizokuwa akirekodi kama zawadi kwa ndugu na marafiki, zilizouzwa kama mkusanyiko wa diski tano 2006. Tenzi za zamani za kanisani zimo, na jirani yake kuna wimbo ambamo baba mwenye hasira anatupa zawadi za sikukuu kwenye jiko la kuni.