Maana ya uchunguzi wa seli mundu kwa watoto wachanga

Uchunguzi wa seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa watoto wachanga ni mpango wa afya ya jamii ambao kila mtoto hupimwa damu punde anapozaliwa, awe na dalili au asiwe nazo, ili atakayekutwa na ugonjwa huo aanze kutunzwa kabla haujamdhuru. Haraka hiyo ina sababu. Mtoto huzaliwa na himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya tangu tumboni mwa mama, ambayo humkinga miezi ya mwanzo. Ikishapungua, chembe nyekundu huanza kujipinda kwa umbo la mundu, huziba mishipa midogo na kuharibu bandama, kiungo kinachosaidia mwili kupambana na bakteria. Ndiyo maana mtoto aliyeonekana mzima anaweza kufariki kwa homa ya siku moja, na familia isijue kilichomuua.

Kipimo chenyewe ni chepesi: muuguzi humchoma mtoto kisiginoni, matone machache ya damu hudondoshewa kwenye karatasi maalumu, nayo ikikauka hupelekwa maabara. Ugumu uko mbele ya hapo, kwa kuwa majibu yanayobaki kwenye jalada hayamwokoi mtu. Mpango ambao hauna wahudumu wa afya wa jamii wa kuitafuta familia iliyohama au iliyobadili namba ya simu, kwangu mimi, haujakamilika hata kama maabara yake ni bora.

Mtoto aliyethibitika hupewa chanjo na penisilini mara mbili kwa siku, kwa kawaida hadi atimize miaka 5. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza maambukizi makali ya nimokoka, bakteria wanaoweza kusababisha nimonia, kwa 84%. Baadaye huweza kuanzishiwa haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu. Mama naye hufundishwa kupapasa tumbo la mwanawe upande wa kushoto, chini ya mbavu, maana bandama ikivimba ghafla damu hukwama humo, na mtoto anahitaji hospitali saa ileile.

Majibu hayo huigusa familia nzima. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba cha seli mundu, kila mimba ina uwezekano wa 25% wa kupata mtoto mgonjwa, lakini mara nyingi lawama humwangukia mama peke yake. Kwa hiyo ni vyema baba aitwe siku ileile, na wote wawili waelezwe pamoja.